Kusikiliza Bondo: Somo la Kufunga na Kutumia Sona ya Samaki kwenye Mtumbwi Mdogo

Wanachuo wenzangu wakisikia natoka Rugu huwa wanacheka kwanza. Rugu ni kata ya Wilaya ya Karagwe, mkoani Kagera, nchi ya milima, kahawa na migomba, na mtu wa huko akianza kuzungumzia mitumbwi anaulizwa ameyatoa wapi. Jibu ni fupi. Wilaya yetu inagusa Ziwa Burigi, lakini ziwa hilo sasa limo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyopandishwa hadhi mwaka 2019, na ndani ya hifadhi ya taifa hakuna kuvua. Kwa hiyo kijana wa kwetu anayetaka kuishi kwa samaki anapanda gari hadi Kyaka, anashuka Bukoba, kisha anatafuta mwalo kwenye Ziwa Viktoria. Binamu yangu alifanya hivyo miaka kadhaa iliyopita. Yuko kwenye mwalo mmoja wa Wilaya ya Muleba.

Mjomba, yaani baba yake, alibaki Rugu na kahawa yake. Msimu uliopita alinunua kwa mtu sona ya kutafutia samaki iliyokwisha kutumika, shilingi laki nne na nusu, akanipigia simu: "Mpwa wangu, wewe ndiye unayesoma fizikia. Nenda ukaifunge kwenye mtumbwi wa ndugu yako, halafu uniambie hela yangu itarudi lini." Nasoma ualimu wa Fizikia na Hisabati, si uhandisi wa vyombo vya majini, lakini mjomba akishasema hivyo huna pa kukimbilia. Likizo nzima nilikuwa mwaloni. Yafuatayo ni niliyoyafanya na niliyoyaelewa, kwa manufaa ya mwenzangu yeyote ambaye nyumbani kwao kuna mtumbwi na mtu mwenye matumaini makubwa kuliko kifaa chenyewe.

MWANGWI

Sote tuliokulia milimani tunaujua mwangwi. Unasimama ukingoni mwa bonde, unaita, na mlima wa pili unakurudishia sauti yako. Sauti hewani inakwenda karibu mita 343 kwa sekunde, hivyo mwangwi ukirudi baada ya sekunde moja, mlima uko kama mita 170 kutoka ulipo, kwa sababu sauti imekwenda na kurudi. Sona ni hilohilo, chini ya maji. Katika maji baridi yenye joto la nyuzi 25, ambalo ndilo joto la kawaida la tabaka la juu la Ziwa Viktoria, sauti inakwenda karibu mita 1,497 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya hewani. Kina cha mita 20 kinarudisha mwangwi ndani ya sekunde 0.027. Binadamu hawezi kuhesabu hiyo, ndiyo maana kuna mashine.

Mashine yenyewe ina sehemu mbili. Kuna skrini, na kuna kidude cheusi kinachotumbukizwa majini kinachoitwa transdyusa. Ndani yake kuna kipande cha kauri ambacho ukikipa umeme kinatetema, na kikitetemeshwa na sauti inayorudi kinatoa umeme. Tabia hiyo waliigundua ndugu wawili wa Kifaransa, Jacques na Pierre Curie, mwaka 1880, wakitumia fuwele kama za kwatzi. Ilikaa maabara hadi Vita Kuu ya Kwanza, Paul Langevin alipoitumia kutafuta nyambizi. Wavuvi waliipata baada ya vita ya pili: ndugu wa ukoo wa Furuno huko Japani walitoa sona ya samaki ya kibiashara mwaka 1948. Napenda kulitaja hili kwa sababu pale mwaloni kuna watu waliodhani hicho kidude kina kamera. Hakina. Hakioni kitu chochote, kinasikia tu.

Na kinasikia nini hasa? Hapa ndipo wavuvi wenyewe walinipa mfano bora kuliko wa kitabuni. Nyama ya samaki inakaribiana sana na maji, sauti inapita humo bila kushtuka sana. Kinachorudisha sauti kwa nguvu ni hewa, na hewa ya samaki imo kwenye kibofu chake. Kibofu cha sangara ni kitu ambacho kila mtu wa Kanda ya Ziwa anakijua kwa jina la bondo, na mabondo yana bei kuliko minofu. Nilipowaambia kwamba sona inasikiliza bondo, somo la dakika arobaini likaisha kwa dakika mbili. Mmoja akasema, "Kumbe inatafuta hela moja kwa moja."

KUFUNGA

Vitabu vya maelekezo vimeandikwa kwa boti za faiba zenye nyuma iliyonyooka. Mtumbwi wa mbao wa Ziwa Viktoria una shida zake. Ya kwanza: watu wanafikiri wanaweza kuibandika transdyusa ndani ya mtumbwi, ipige sauti kupitia ubao. Kwa faiba nene isiyo na povu ndani inawezekana. Kwa mbao haifai, kwa sababu mbao imejaa vijitundu vya hewa, na tumeshaona hewa inafanya nini kwa sauti. Utapata mwangwi wa ubao wako mwenyewe usiku kucha.

Ya pili: mtumbwi huu unavutwa juu ya mchanga kila asubuhi. Chochote ulichokipigilia chini kitang'oka siku ya kwanza. Ya tatu ni wizi, sihitaji kuieleza.

Kwa hiyo hatukupigilia kitu. Tulichukua bomba la chuma la inchi moja, tukafunga transdyusa kwenye ncha yake ya chini kwa skrubu na kipande cha bati nene, na bomba likabanwa pembeni mwa mtumbwi, karibu na nyuma, kwa vibanio viwili vinavyofunguliwa kwa mkono. Ukikaribia nchi kavu unalegeza, unalinyanyua, basi. Bomba liwe na kamba ya akiba iliyofungwa kwenye mbao ya kukalia, maana kibanio kikiachia huko ziwani umepoteza laki nne na nusu kwa sauti ya "chubwi."

Mahali pa kuliweka pana sheria zake, na zote zinatokana na adui mmoja, mapovu. Mapovu ni hewa. Transdyusa iliyozungukwa na mapovu ni kiziwi. Kaa mbali na panka la injini, angalau sentimita 40. Chagua upande ambao mapanga yake yanashuka chini yakizunguka, si upande yanakopanda, kwani yakipanda yanakuja na mapovu. Kwa injini nyingi za nje, ambazo panka linazunguka kama mshale wa saa ukiliangalia kutoka nyuma, huo ni upande wa kulia. Usiiweke nyuma ya kichwa cha msumari au maungio ya mbao yaliyotokeza, kwa sababu maji yakipita hapo kwa kasi yanatoa povu. Uso wa transdyusa uwe chini kidogo ya sakafu ya mtumbwi na ulale sambamba na uso wa maji mtumbwi ukiwa na watu na nyavu zake. Ukiipima mtumbwi ukiwa mtupu juu ya mchanga utaikuta imeinama kazini. Sisi tulipakia watu wanne na nyavu zote, tukasimama kwenye maji ya kifuani, tukapima na kikombe cha fundi seremala. Watu walitucheka. Kazi ilichukua nusu saa na haijarudiwa.

Kabla ya kuishusha, ioshe transdyusa kwa sabuni ya kawaida na kitambaa laini. Mafuta ya mikono na ya injini yanaacha utando ambao vijipovu vinaupenda.

Umeme sasa. Kifaa chetu kinakula karibu nusu ampia kwa volti 12. Betri ya ampia-saa 7 ingekipa saa 14 kwenye karatasi, lakini betri za aina hiyo zikimalizwa kabisa kila usiku zinakufa mapema, kwa hiyo hesabu nusu yake, saa 7. Zinatosha usiku mmoja kama unazima pale usipohitaji. Weka fyuzi ya ampia 3 kwenye waya mwekundu karibu na betri. Binamu aliuliza kwa nini tusiunganishe kwenye betri kubwa ya taa, ambayo ipo tayari. Tulijaribu. Skrini ikajaa vijistari vya mvua kutoka juu hadi chini, kwa sababu zile taa za LED za bei nafuu zina kisaketi kinachopiga kelele za umeme. Betri ya peke yake ikaondoa tatizo. Kwa sababu hiyohiyo, waya wa transdyusa usipite sambamba na waya za injini, na usikatwe ukionekana mrefu. Uviringishe kwa ulegevu na uufunge mahali pakavu.

Usiku wa kwanza tulitoka bila kufungasha maunganisho kwa mpira na grisi kwa kuwa duka lilikuwa limefungwa. Siku ya tatu ncha za waya zilikuwa za kijani. Fungasheni mapema.

FUTI, PIMA NA MITA

Kifaa kilichotumika nje ya nchi kinakuja na tabia za nje ya nchi. Chetu kilikuwa kimewekwa maji ya chumvi na vipimo vya futi. La chumvi si baya sana kwa kina: sauti katika maji ya bahari inakwenda kasi kidogo zaidi, hivyo mahali penye mita 20 kifaa kitakudanganya kwa nusu mita tu. La futi ndilo hatari. Skrini iliandika 66 na vijana wakaanza kushangaa, mita 66 hapa karibu na mwalo? Ziwa Viktoria lote wastani wake ni kama mita 40, na mahali penye kina kikubwa kabisa ni kama mita 80 tu.

Nahodha wetu ni mzee aliyevua tangu kabla sijazaliwa. Hakusema kitu. Alichukua kamba yenye jiwe, akaitupa, akaivuta akihesabu kwa mikono iliyonyooshwa. "Pima kumi na moja," akasema. Pima moja ni kama mita 1.8, kwa hiyo pima 11 ni mita 19.8. Futi 66 ni mita 20.1. Mzee na mashine walipishana kwa sentimita 30, na sina hakika nani kati yao alikuwa sahihi zaidi. Nilibadilisha kifaa kikawa cha mita na maji baridi, lakini tangu siku hiyo mzee aliacha kukiita "redio ya mwalimu" akaanza kukiita "kamba ya mwalimu." Nilichukulia kwamba ni kupandishwa cheo.

Nawashauri wote mfanye jaribio hilo la kamba siku ya kwanza. Si kwa ajili ya mashine tu. Watu wanaolala ziwani kwa kutegemea chombo wana haki ya kukiona kikipimwa mbele yao.

KUSOMA SKRINI

Kosa kubwa la watu wote ni kusoma skrini kama picha. Wanaona alama ya samaki upande wa kushoto wanasema geuza kushoto. Skrini si picha, ni daftari. Mstari wa mwisho kabisa upande wa kulia ndio sasa hivi. Vyote vilivyo kushoto kwake vimeshapita. Ukisimama mahali pamoja, daftari linaendelea kuandika palepale. Mzee aliuliza swali zuri: "Hao samaki wako mbele yetu au nyuma?" Jibu ni kwamba walikuwa chini yetu, muda uliopita, na kama mtumbwi unatembea basi sasa wako nyuma.

Na "chini yetu" si eneo kubwa. Sauti inatoka kama mwanga wa tochi, inatanuka kadiri inavyoshuka. Transdyusa yetu kwa masafa ya kilohezi 200 ina pembe ya nyuzi 20. Piga hesabu ya trigonometria ya kidato cha nne: kwenye kina cha mita 20 duara linaloonekana lina upana wa mita 7. Kwenye mita 4, upana ni mita 1.4 tu, pungufu ya urefu wa mtu. Maana yake ni kwamba kwenye maji mafupi ya pembezoni, kwenye matete wanakokaa sato, kifaa hiki hakina msaada wowote. Kinaona chini ya tumbo la mtumbwi, na sato aliyesikia injini hakai chini ya tumbo la mtumbwi. Anayenunua sona kwa ajili ya kuvua sato wa kando atunze hela yake. Nasema hivi waziwazi kwa sababu wauzaji hawasemi.

Kuna masafa mengine, kilohezi 50, yanayofika chini zaidi na kutanuka zaidi, lakini urefu wa wimbi lake ni kama milimita 30 wakati la kilohezi 200 ni milimita 7.5. Wimbi refu halitofautishi vitu vidogo vilivyokaribiana. Kwa ziwa lisilozidi mita 80, na kwa dagaa mwenye urefu wa kidole, 200 inatosha na kuzidi.

Sasa lile tao maarufu, alama iliyopinda kama nyusi. Samaki akiingia ukingoni mwa mwanga wa sauti, umbali wake kutoka kwako ni mrefu kidogo, kwa kuwa ni wa mshazari. Akiwa katikati, umbali ni mfupi. Akitoka, unarefuka tena. Ndiyo maana inachorwa nyusi. Kwa samaki aliye mita 10 chini, tofauti ya ukingo na katikati ni sentimita 15 hivi. Ukiwa umesimama na samaki naye amesimama, hakuna nyusi, kuna mstari mrefu ulionyooka. Usiku mmoja ulitokea mstari mnene wa namna hiyo na binamu akapiga kelele, "Nyangumi!" Ulikuwa samaki mmoja wa kawaida aliyekaa chini yetu dakika nzima. Urefu wa alama ni muda aliokaa, si urefu wa mwili. Unene na nguvu ya rangi ndivyo vinavyokupa fununu ya ukubwa, na hivyo pia ni fununu tu.

Kifaa kina kitufe cha kugeuza alama zote kuwa vikatuni vya samaki. Kizimeni. Kompyuta ndogo ya ndani inakisia, na inakisia kwa furaha kupita kiasi: kila povu, kila jani, kila kamba ya nanga inakuwa samaki.

Kuna tabaka jingine lililotuhangaisha. Jioni, kwenye maji marefu, wingu jepesi linaonekana karibu na chini, na giza likiingia wingu zima linapanda. Vijana walisema dagaa. Mara nyingi hao ni viluwiluwi vya wale wadudu ambao wakikomaa wanapaa juu ya ziwa kama nguzo za moshi. Kiluwiluwi ana vifuko vidogo vya hewa mwilini, na milioni ya vifuko hivyo inarudisha sauti vizuri. Dagaa wanakuwa na alama zilizokatika-katika, mabonge yenye kingo, si utando uliosambaa sawasawa. Ukipunguza nguvu ya ukuzaji wa sauti kidogo kidogo, utando unafutika kwanza na mabonge yanabaki.

DAGAA CHINI YA TAA

Hapa ndipo kifaa kilipoanza kulipa, na ndipo kilipotaka kutuvuruga. Uvuvi wa dagaa ni wa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali watu wanalala, wanashona nyavu. Taa zinawekwa juu ya maelea, zinaachwa ziite, halafu mtumbwi unazipitia moja moja na kuzungushia wavu. Swali la kila usiku ni lilelile: taa ipi imekusanya, na ni lini wametosha?

Tulipita polepole kando ya taa, injini imezimwa, kwa makasia. Kwenye taa ya tatu tuliona bonge kwenye mita 9. Baada ya muda likawa mita 6, kisha 3. Halafu likapotea. Binamu akataka tuhamie taa nyingine, akisema wamekimbia. Mzee akakataa: "Maji yanachemka, wewe unaangalia kioo?" Kweli, ukiinamisha macho ulikuwa unaona juu ya maji panatetema.

Maelezo yake ni ya kifizikia kabisa. Transdyusa ikishapiga sauti, kauri inaendelea kulia kwa muda mfupi, kama kengele isiyonyamaza mara moja. Wakati inalia haiwezi kusikiliza. Kwenye kifaa chetu hiyo inafuta takriban mita moja na nusu ya juu. Dagaa wanapofuata taa hadi juu, wanaingia kwenye eneo hilo la ukiziwi. Kwa hiyo kanuni tuliyoifuata baadaye ilikuwa hii: bonge likipanda hadi mita 3 na kupotea kwa juu, shusha wavu, likipotea huku bado liko mita 8, hapo ndipo wameondoka. Kitabu cha kifaa hakikuwa na sentensi hiyo.

Chini kabisa nako kuna ukiziwi wa aina yake. Samaki aliyelala karibu sana na sakafu ya ziwa mwangwi wake unamezwa na mwangwi wa sakafu. Sangara anayevizia kwenye mawe hutamwona.

Lakini mawe yenyewe utayaona, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo thamani kubwa ya kifaa kwa watu wa nyavu za makila. Tope linanyonya sauti, linatoa mstari mpana uliofifia. Mwamba unairudisha kwa nguvu hadi inagonga uso wa maji, inashuka tena na kurudi mara ya pili, na skrini inachora sakafu ya pili kwenye kina mara mbili ya cha kweli. Ukiona mita 18 na chini yake kivuli cha mita 36, hapo ni pagumu, usitege. Mzee alikuwa na mwamba anaoujua kwa kulenga: mti fulani ukae sawa na kilele fulani cha nchi kavu. Tulipita juu yake mchana na kivuli cha pili kikatokea palepale alipokuwa amesema. Ila mti hauonekani usiku. Kwenye skrini tukaona mwamba unaendelea upande wa kaskazini kuliko alivyokuwa anaweka hesabu yake, na pale nyavu za watu zilikuwa zinachanika kila mwezi.

HELA YA MJOMBA

Mjomba alitaka kifaa kihesabiwe kama mtu, kipate fungu lake kila mgawo, baada ya kutoa mafuta na chakula. Vijana walikataa. Hoja yao ilikuwa kwamba kifaa hakivuti wavu, hakikeshi na hakipigwi na baridi. Binamu alikuwa katikati, kati ya baba yake na wenzake anaolala nao chomboni, na kwa siku mbili hakuongea na mtu.

Mimi niliulizwa kama msomi, nikatoa hesabu: kifaa hakiongezi samaki ziwani. Kinapunguza muda wa kuzunguka na kinaokoa nyavu. Kwa hiyo haki yake itafutwe kwenye mafuta yasiyochomwa na nyavu zisizochanika, si kwenye samaki. Mzee alisikiliza hadi mwisho kisha akasema jambo ambalo halikuwa kwenye daftari langu: mtumbwi una watu wanne na majaketi mawili ya kuokolea maisha. "Mwalimu, hiyo kamba yako inajua kina cha maji. Haijui kuogelea."

Makubaliano yakawa hivi. Akiba ya mafuta ya wiki mbili za kwanza ilinunua majaketi mawili. Baada ya hapo mjomba anapata kiasi kidogo kila baada ya giza moja, hadi laki nne na nusu zitimie, kisha kifaa kinakuwa mali ya mtumbwi. Mjomba alinung'unika kwenye simu kwamba hata kahawa hulipa haraka kuliko hivyo. Nilipoondoka alikuwa amepokea mara moja.

Kuna upande mwingine ambao sipendi kuukwepa. Kifaa kinachosaidia kupata samaki kinaweza kusaidia kuwamaliza. Lakini sauti hiyohiyo ndiyo inayotumika kuwahesabu. Tangu mwaka 1999 watafiti wa nchi tatu, Tanzania kupitia TAFIRI, Kenya na Uganda, wamekuwa wakifanya safari za kupima samaki wa Ziwa Viktoria kwa sona za kisayansi, na meli ya utafiti Victoria Explorer imetumika sana katika kazi hiyo. Shirika la Uvuvi la Ziwa Viktoria lenye makao yake Jinja limekuwa likiziratibu. Kwa njia hiyo ndipo ilipoonekana kwamba katika miaka ya 2000 sangara walikuwa wanapungua huku dagaa wakichukua sehemu kubwa zaidi ya uzito wa samaki wa ziwa. Sona yao na yetu zinatofautiana kwa usahihi, si kwa kanuni: zao hupimwa kwanza kwa kuning'iniza tufe la chuma ambalo mwangwi wake unajulikana, kama tulivyofanya sisi kwa kamba ya mzee.

Pia safari hizo zinaeleza jambo ambalo wavuvi wanalijua kwa matokeo. Kuanzia miezi ya mwisho ya mwaka hadi karibu na masika, maji ya ziwa yanajitenga matabaka, joto juu, baridi chini, na tabaka la chini linaishiwa oksijeni. Samaki wanapanda. Kwenye skrini ya binamu, maji marefu yanakuwa matupu chini na alama zinabana katikati. Katikati ya mwaka upepo unapoyachanganya maji, samaki wanasambaa hadi chini. Anayejua hili hatupi nyavu za chini mwezi Februari kwa kuwa tu alipata pale mwezi Julai. Na aliyeona sangara wadogo amejaa wavu, sheria iko palepale: chini ya sentimita 50 harusiwi, kifaa kiwe kimemwona au hakijamwona.

Kwa yule atakayefanya kazi hii likizo ijayo, utunzaji ni huu. Zima kifaa kabla ya kuinyanyua transdyusa, isiachwe ikipiga sauti hewani kwa muda mrefu, maana inapata joto. Ioshe kwa maji safi, ifute, magamba na utando vikikauka juu yake ni kazi kuvitoa. Usiikwangue kwa kisu. Skrini iende nyumbani na nahodha, betri iende kuchajiwa asubuhi hiyohiyo hata kama imebaki nusu, na bomba libaki mtumbwini, hakuna anayeiba bomba. Ukubwa wa herufi za kina uuweke wa juu kabisa. Mzee wetu havai miwani, na sasa ndiye anayeisoma.